Kilo Kumi na Saba na Nusu, Bila Makofi

Mizani ya kliniki ilisema mia moja na kumi na saba. Nikamwomba nesi anipime tena, kwa sababu nilikuwa na viatu. Nikavua viatu. Nikavua kitenge cha juu, nikavua saa, nikatoa simu kifuani, nikapanda mara ya pili. Sindano ikasogea nusu kilo, nusu yenyewe ya kubishaniwa. Nesi Bupe aliandika mia moja na kumi na saba kwenye daftari, akasema bila kuinua macho, "Mama, hapa hatupunguziani."

Ilikuwa Januari, wakati Kyela nzima iko matopeni inapanda mpunga. Nesi huyohuyo ndiye aliyeniomba niandike haya, ili yawekwe kwenye benchi la kusubiria. Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa umeshika tumbo kwa mkono mmoja, nakufahamu. Benchi hilo nililikalia miezi kumi. Lina misumari miwili upande wa dirishani, kaa upande wa pili.

Mimi nauza mchele Kasumulu, hatua chache kutoka mpakani. Ugonjwa wangu haukuwa unene, ingawa watu wote walifikiri hivyo. Kovu la upasuaji wa kumzaa mtoto wangu wa mwisho lilikuwa limeachia kwa ndani, na utumbo ukawa unachungulia. Uvimbe wa ukubwa wa embe, chini ya kitovu. Nikilala unarudi, nikisimama unatoka. Miaka minne niliufunga kwa kitenge kama mtu anayefunga mzigo wa baiskeli, nikaendelea kupima mchele.

Daktari wa upasuaji alinilaza, akaubonyeza, akaniambia nikae. Alisema atanipasua, lakini si kwa uzito ule. Nishuke hadi tisini na tano.

Nikamwambia mia moja na tano.

"Tisini na tano."

"Basi mia, daktari. Mia ni namba nzuri."

"Mama," akasema, "mimi sina ninachouza. Kukulaza usingizi na uzito huu ni rahisi. Kazi ni kukuamsha."

Akanipa na upande wa pili wa habari: ikitokea uvimbe umekuwa mgumu, haurudi, na natapika, nisisubiri jirani wala mchungaji. Utumbo ukinasa pale, unaoza. Saa chache tu.

Ndivyo nilivyotoka na mbio mbili zinazoshindana. Kilo ziteremke kabla utumbo haujanasa. Nani angetangulia, hakuna aliyejua.

*

Atupele ana saluni ya kusuka mkabala na duka langu, na saluni ina televisheni. Ni mdogo kwangu kwa umri lakini ananisema kama mama mkwe. Aliposikia habari za tisini na tano alinivuta ndani, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, kisha akanivutia cha pili, nikakalia viwili kwa pamoja. Alitaka nione kipindi cha mchana cha Jumatano.

Walikuwa wageni wanene, wa nchi za mbali, wamefungiwa kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea. Wana walimu wa kuwapigia kelele na mpishi wa kuwapikia. Kila wiki wanapanda kwenye mizani kubwa kama ya kupimia malori, muziki unadunda, namba zinazunguka, zinasimama, watu wanalia. Atupele alikuwa anatutafsiria, na pale ambapo hakuelewa alitunga. Wiki ya kwanza mwanamume mmoja alikuwa ameshusha kilo kumi na moja. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasubiri marudio ya Ijumaa, nikaangalia tena. Kumi na moja.

Nikajichagulia mwenzangu mle ndani. Mwanamke wa makamo, nywele fupi za rangi ya mahindi, kilo mia moja na kumi na tisa. Nilikuwa namzidi wepesi kwa kilo mbili, nikajiona nimeanza mbele.

Wiki ya kwanza yeye alishusha saba. Mimi sikushusha kitu. Wiki ya nne yeye alikuwa mia na tatu, mimi mia moja na kumi na saba na robo, yaani nimeongezeka. Wakati huo nilikuwa natembea kila alfajiri hadi karibu na mto Songwe na kurudi, nimeacha soda, nimeacha maandazi, nimeacha chai ya maziwa. Nilikuwa na njaa kama mbwa wa mnadani. Nikikaa kwenye benchi la kliniki nilikuwa nawatazama wenzangu wanaopanda mizani na kushuka wakitabasamu, na nilikuwa nawachukia kimyakimya, Mungu anisamehe.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokuwa zimefunga njia na watu wamevua viatu kufika kliniki, nesi Bupe aliniuliza nala nini. Nikamwambia: kile kikombe ulichonipa wewe. Kikombe kimoja cha wali mchana, kimoja jioni, mboga na samaki. Sijazidisha hata siku moja, naapa.

Akaniambia kesho nije na kikombe na wali wangu.

Nikaja. Nikaufungua pale mezani, mbele yake na mbele ya mama mwingine aliyekuwa anasubiri. Nikapima kama ninavyopima kila siku. Nikajaza, nikatikisa, nikagonga kikombe mezani ili wali ukae, nikajaza tena, kisha nikaweka kilele, nikakikumbatia kwa kiganja, nikaongeza mpaka punje zikaanza kuteleza pembeni.

Nesi akanyoosha kalamu. "Na huo mlima?"

"Mlima gani?"

"Huo wa juu, mama."

"Aa, huo hauhesabiwi," nikamwambia. "Hiyo ni mbasela."

Kwa asiye wa huku: mbasela ni ile nyongeza ya bure. Sokoni kwetu huwezi kupima mchele ukaukata juu sawasawa, mteja atakuuliza kama mmegombana. Unajaza kopo, unampa na kilele, naye anasema ndaga, asante. Kilele si sehemu ya kipimo, ni sehemu ya heshima. Kwa miaka kumi na tisa nimeweka vilele na sijawahi kuviandika popote.

Nesi akachukua ubapa wa rula yake, akakata kikombe. Wali ulioanguka akauweka kwenye kikombe kingine kama kile. Kikajaa.

Mama aliyekuwa anasubiri akaanza kucheka, akajizuia, kisha akasema kwa huzuni ya kweli, "Mwenzangu, hata mimi." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetembea wiki tisa kwenye matope kwa ajili ya kilele cha wali. Mtu ninayehesabu magunia ya wenzangu mara mbili, nilikuwa nala vikombe vinne kwa siku na kuapa kuwa ni viwili.

Tangu siku ile nilikata kwa ubapa wa kisu. Mwisho wa mwezi wa nne nilikuwa mia moja na kumi na tatu.

*

Sasa nikuambie jambo ambalo kule kwenye jumba la bwawa halipo.

Mle ndani hakuna msiba. Wiki zote nilizoangalia, hakuna mmoja aliyeitwa msibani, akakaa siku tatu kwenye mkeka, akaletewa sahani na mama wa marehemu. Na hakuna mama mkwe. Mama mkwe wangu anakaa Makwale, ana kakao na migomba, na hajui kumpenda mtu pasipo chungu jikoni. Tulipokwenda kumsalimia baada ya Pasaka alikuwa amepika mbalaga, zile ndizi zetu, na maharage na mbasa mzima, samaki wa ziwani. Nikachukua kidogo. Akaongeza. Nikasema nimeshiba. Akaweka mwiko chini.

"Mama Lusajo, chakula changu kina sumu?"

Nikamweleza habari za daktari. Alisikiliza yote, kisha akamgeukia mwanawe, akamwuliza kwa Kinyakyusa, mimi nikiwa palepale, mkeo anaugua nini hasa. Mume wangu akasema tumbo. Mama akasema tumbo halimkondeshi mtu mashavu.

Kule kwenye televisheni mtu akikonda anapigiwa makofi. Kasumulu mtu akikonda anaulizwa. Kwanza wanakuuliza wewe, kisha wanaacha kukuuliza wewe wanaulizana wao. Mwezi wa tano nilikuwa mia na tisa, bado mnene wa kuziba mlango, lakini shingo ilikuwa imetoka na pete ilikuwa inazunguka kidoleni. Wateja wawili wa miaka mingi wakahamia kwa jirani. Mmoja alinishika mkono, akaniambia siku hizi dawa zipo, watu wanaishi. Nikamwambia nasubiri kupasuliwa ngiri. Akasema, "Ndiyo, ndiyo," kwa sauti ile ya kumkubalia mtoto.

Mume wangu, Baba Lusajo, ni mtu wa maneno machache, fundi wa baiskeli. Alikuwa amenyamaza wiki mbili. Wakati wa mavuno ya mpunga, Juni, siku moja asubuhi alivaa shati la kanisani, ilhali ilikuwa Jumanne.

"Twende tukapime," akasema. "Wote wawili."

Nilimwelewa. Nilielewa pia kwamba amelisikia neno hilo gerejini kwake, na kwamba kwa wiki mbili alikuwa anajiuliza ni yeye au ni mimi. Ningeweza kukasirika. Nilikasirika. Lakini nilivaa.

Benchi la kule ni lingine, liko nyuma ya jengo, na watu wanaolikalia hawasalimiani. Alikaa ameshika magoti yake. Nilihesabu vigae vya sakafu, upana kumi na nne, urefu ishirini na mbili, nikarudia, ishirini na mbili. Kila mmoja alikuwa na miaka yake anayoipitia. Tulipoitwa aliingia kwanza yeye, kisha mimi, kisha wakatuweka pamoja wakatuambia kwamba sote tuko salama.

Tulitoka. Barabarani akaninunulia kichane cha ndizi mbivu, akanipa. Tukatembea kidogo. Akakumbuka, akazichukua, akazila mwenyewe zote sita mpaka nyumbani, moja baada ya nyingine, kama adhabu. Kuanzia mwezi uliofuata alikuwa ananisindikiza kliniki.

*

Fainali ya kipindi ilionyeshwa mwezi wa saba. Saluni ilijaa. Pazia jekundu, moshi, muziki, na yule mwenzangu wa nywele za mahindi akatoka na gauni lisilo na mikono. Kilo sitini na nane. Mume wake akapiga magoti. Saluni nzima ikapiga makofi, na mimi nilipiga. Mimi siku hiyo nilikuwa mia na sita.

Nilikwenda nyuma ya duka nikalia, mtu mzima na akili zangu. Nilikuwa nimevua blauzi asubuhi ile mbele ya kioo, nikaona ngozi ya mikono imening'inia kama mifuko mitupu, matiti yamelala, tumbo limekunjamana juu ya uvimbe uleule. Nilikuwa nimepungua bila kupendeza. Yeye makwapa yake yalikuwa yamekaza kama ya msichana. Nikajiambia basi, haya mambo yana watu wake.

Ijumaa Atupele alinilazimisha nije kwenye marudio. Safari hii hatukuangalia kilo. Yeye ni msusi, anaangalia nywele.

"Mtazame hapa," akasema. Wiki ya sita, nywele za mwenzangu ziko masikioni. Walikuwa wanarudia vipande vya nyuma, kimoja baada ya kingine. Wiki ya saba, zimefika shingoni. "Dada, nywele ni mkate wangu. Hakuna nywele inayokua unene wa kidole kwa wiki. Hapo katikati kuna mwezi na nusu, umekatwa."

Nikakaa wima. Nikamwambia angoje, nihesabu. Tulipokwenda na nywele badala ya namba za kwenye kioo, zile wiki ishirini na nne zikawa mwaka mzima na zaidi. Na mimi nina jicho la mizani. Siku ya kwanza walimpima na suruali nzito na viatu vya michezo. Siku ya mwisho alikuwa pekupeku. Nilicheka peke yangu. Nilifanya hilo hilo Januari, ila mimi nilikutana na Bupe.

Sisemi kwamba walidanganya. Yule mama alikonda, nilimwona, na njaa yake naamini ilikuwa njaa. Ninachosema ni kwamba nilikuwa napima miezi yangu kwa wiki zao, bila mpishi, bila mwalimu, nina duka la kufungua na mama mkwe wa kusalimia. Hakuna mfanyabiashara anayelinganisha debe na kopo. Nilijilinganisha hivyo nusu mwaka na nikakaribia kuacha. Kama na wewe una kipindi chako cha Jumatano, endelea kukiangalia, ni kizuri. Lakini angalia nywele.

Sikurudi kulia nyuma ya duka. Agosti, mia na mbili. Septemba mizani iligoma, wiki nne mia na moja, na Baba Lusajo ndiye aliyeniambia twende tu. Tarehe za mwanzo za Oktoba, joto limekaa juu ya paa kama mtu, mizani ikasoma tisini na tisa na nusu. Nesi akaipiga kofi kidogo, nikapanda tena. Ikarudia. Zilikuwa zimebaki nne na nusu.

*

Hazikungoja.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, nilikuwa napepeta mchele, pumba zikaniingia puani, nikapiga chafya. Kitu kikajinyonga tumboni. Nilikaa chini kwenye gunia nikaubonyeza uvimbe kama siku zote, haukurudi. Ulikuwa mgumu kama goti. Nikatapika. Atupele aliniona kutoka kwake, hakuuliza swali. Mteja wake mmoja aliachwa kitini na nusu ya kichwa kimesukwa.

Nakumbuka bajaji, nakumbuka nikihesabu matuta na kupoteza hesabu, jambo ambalo halijanitokea maishani. Nakumbuka Baba Lusajo amefika hospitali kabla yangu, kwa baiskeli ya mteja. Daktari alikuwa yuleyule. Alibonyeza mara moja tu, akaanza kuvua saa.

Mtu wa dawa ya usingizi aliuliza uzito. Mimi nilikuwa naumwa hadi meno, sikuweza kusema. Mume wangu, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuniuliza kilo zangu hata siku moja, alisema palepale, "Tisini na tisa na nusu. Jumatatu. Ilikuwa mia na moja wiki ya nyuma."

Nilimtazama. Kisha nikasema kwa shida, "Daktari, bado nne na nusu."

"Ninazichukua hizi ulizoleta," akasema, na wakanisukuma.

Niliamka. Naliandika hilo neno peke yake kwa sababu ndilo nililokuwa nalitafuta tangu Januari. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, wakakiwahi, kikarudisha rangi, hawakukata. Kesho yake daktari alikuja kwenye kitanda changu na kunieleza hayo kwa ufupi wake. Nikamwuliza kama zile kilo zilisaidia au nilijitesa bure, maana namba yake sikuifikia. Yeye si mtu wa kumbembeleza mgonjwa.

"Ungekuja na zile mia moja na kumi na saba," akasema, "leo ningekuwa naongea na mumeo."

Ndugu yangu wa benchi, hiyo ndiyo habari niliyotaka ufike nayo nyumbani. Sikumaliza. Sikufika kwenye pazia lolote. Leo niko tisini na saba, ngozi inaning'inia, na bado kuna watu sokoni wanaoniombea kwa ugonjwa nisioumwa. Lakini kila kilo uliyokwisha kuitoa imetoka, hata kama ni robo, hata kama hakuna aliyeiona, na siku yako ikikukuta njiani itakukuta na hizo. Kata wali wako kwa kisu. Utumbo ukinasa, usingoje mtu.

Siku ya pili baada ya kupasuliwa waliniambia nitembee, kutoka kitandani hadi mlango wa wodi. Nilisema siwezi. Nesi wa wodi akasema wote husema hivyo. Baba Lusajo akaushika mfuko wa mkojo uliokuwa umeunganishwa nami, akauinua juu, nikamwambia haraka aushushe, unatakiwa uwe chini. Akaushusha. Wodi ile ni ya wanawake, na akina mama wote walikuwa wanamtazama mwanamume wa Kinyakyusa mwenye shati la kanisani amebeba mkojo wa mkewe. Alikuwa anajua kuwa wanamtazama. Mkono wake wa pili ulikuwa chini ya kiwiko changu.

Nilitaka kwenda upesi niyamalize. Akanizuia.

"Polepole, Mama Lusajo," akasema. "Leo hatushindani na mtu."

Tukafika mlangoni. Tukasimama hapo kidogo, tukaona nje, tukageuka.